Mgiriki aliyeuza mazulia akawafaa akina mama wa dunia nzima

UKILITAJA jina la George Papanicolaou hapa Sikuda, kuna watakaokuuliza anachezea timu gani ya kandanda huko Ulaya. Lakini ukiwatajia akina mama kipimo cha Pap, wapo watakaokuambia wamewahi kukisikia kliniki, na wachache watakaosema wamekifanya.

Jina hilo fupi la Pap ni kipande cha jina lake. Mwenyewe alifariki zaidi ya miaka 60 iliyopita, mbali sana na Mwamba wa Tororo na foleni za malori ya Busia na Malaba. Hata hivyo, kazi yake ingali inawagusa wanawake wa hapa mpakani kila uchao.

Mimi ni mwanamke mfanyabiashara. Hununua mitumba upande mmoja wa mpaka nikauza upande wa pili, na nyumbani kwangu ni Sikuda, wilayani Busia, Uganda. Nimeonelea niwasimulie wenzangu maisha ya mtu huyu kwa sababu mbili.

Kwanza, alikuwa mtu wa safari kama sisi. Alitoka kwao, akarudi, akatoka tena, na kwa muda alitafuta riziki kwa vibarua. Pili, ugonjwa alioupigania ndio unaotumalizia dada na mama zetu, ilhali ni ugonjwa unaoweza kugunduliwa mapema na kuzuiwa.

Mtoto wa daktari

Papanicolaou alizaliwa Mei 13, 1883 katika mji mdogo wa Kymi, kisiwani Euboea, nchini Ugiriki. Babake, Nikolaos, alikuwa daktari na mtu mashuhuri katika mji huo.

Kama wazazi wengi, mzee alitaka mwanawe arithi kazi yake. Kijana alitii, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Athens na kufuzu mwaka wa 1904 akiwa na umri wa miaka 21. Baadaye alitumikia jeshi.

Lakini moyo wake haukuwa kwenye kuketi kliniki akipokea wagonjwa mmoja mmoja. Alivutiwa na hadubini, kile chombo cha kutazamia vitu visivyoonekana kwa macho. Akafunga safari hadi Ujerumani, akasoma katika miji ya Jena, Freiburg na Munich, na mwaka wa 1910 akapata shahada ya uzamifu kuhusu viumbe wadogo sana waishio majini.

Kisha akarejea nyumbani. Wasomaji wenzangu mliowahi kurudi kutoka ugenini mnaelewa maana yake. Anayerudi huulizwa amerudi na nini. Wengine hutarajiwa kurudi na gari, wengine na mabati ya kuezekea nyumba. Papanicolaou alirudi na shahada ya wadudu wa majini, na babake alikuwa angali anamtaka afungue kliniki.

Mwaka huo huo alimwoa Andromachi Mavrogeni, binti wa afisa wa jeshi, ambaye baadaye huko Marekani alijulikana kwa jina la Mary. Mshike jina hilo, kwa maana bila mwanamke huyu pengine kisa hiki kisingekuwapo.

Wawili hao walikwenda Monako, ambako Papanicolaou alifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa bahari. Vita vya Balkani vilipozuka mwaka wa 1912, aliitwa jeshini kwao kama daktari. Vita vilipokwisha, mume na mke waliamua kujaribu bahati yao Marekani.

Vifungo na mazulia

Waliwasili New York Oktoba 1913. Mfukoni walikuwa na takriban dola 250, kiasi walichotakiwa kuonyesha ili waruhusiwe kuingia. Kiingereza hawakukijua.

Shahada mbili za daktari huyu hazikumfaa chochote siku za mwanzo. Mary alipata kazi ya kushona vifungo katika duka kubwa la Gimbels kwa dola 5 kwa wiki. Mumewe naye aliingia duka lilo hilo kuuza mazulia, kazi ambayo husimuliwa kwamba hakuidumu zaidi ya siku moja.

Alipiga fidla katika mikahawa. Alifanya ukarani katika gazeti la Wagiriki lililoitwa Atlantis. Ni maisha ambayo mtu yeyote aliyewahi kuvuka mpaka akiwa na cheti kizuri mkobani, akaishia kubeba magunia ya watu, atayatambua mara moja.

Hakukata tamaa. Mwaka wa 1914 alipata kazi katika Chuo cha Udaktari cha Cornell, mjini New York, chini ya mwanasayansi Charles Stockard. Hapo ndipo alipotumikia takriban miaka 47 iliyofuata.

Kazi yake ya kwanza ilihusu simbilisi, wale wanyama wadogo wafugwao, wasio na mkia, ambao watafiti huwatumia sana. Alihitaji kujua ni siku gani hasa yai la mnyama wa kike linakomaa. Njia iliyokuwapo ilikuwa kuwachinja na kuwapasua, na mara nyingi alikuta siku yenyewe imepita au haijafika.

Akawaza. Wanyama wa kike wa jamii hii lazima wawe na ute wa ukeni, hata kama ni mchache kiasi cha kutoonekana. Alinunua kifaa kidogo cha kupanulia pua ambacho madaktari hukitumia kukagua wagonjwa, akakitumia kuchukua ute wa simbilisi, akaupaka juu ya kioo na kuutazama kwa hadubini.

Aliona seli zikibadilika umbo siku baada ya siku, kulingana na mzunguko wa mnyama. Hakuhitaji tena kumwua mnyama ili ajue mambo ya ndani ya mwili wake. Yeye na Stockard walichapisha matokeo hayo mwaka wa 1917.

Swali lililofuata lilikuwa wazi. Je, kwa mwanamke itakuwaje?

Aliyejibu ni Mary. Kwa miaka mingi alikubali mumewe achukue ute wake na kuuchunguza, huku akimsaidia pia kazi za maabara pamoja na kuendesha nyumba. Hawakupata watoto. Leo tunapolisifu jina la Pap, tukumbuke kwamba mwanamke wa kwanza kukipima kipimo hiki kwa uvumilivu wa miaka alikuwa mke wa mtafiti mwenyewe.

Alipopuuzwa

Mwaka wa 1925 Papanicolaou alianza kuchunguza ute wa wanawake katika hospitali ya akina mama mjini New York. Miongoni mwao walikuwamo waliokuwa na saratani. Chini ya hadubini aliona seli zao zikiwa tofauti kabisa na za wengine: kiini kimevimba, umbo limepotoka, mpangilio umevurugika.

Alitambua kwamba ameona jambo kubwa. Ikiwa seli za saratani hudondoka zenyewe zikachanganyika na ute, basi ugonjwa unaweza kujulikana bila kisu, na pengine kabla mgonjwa hajahisi chochote.

Januari 1928 alilieleza jambo hilo katika mkutano mjini Battle Creek, jimbo la Michigan. Madaktari wenzake hawakushawishika. Wengi walishikilia kwamba njia ya kuaminika ni kukata kipande kidogo cha nyama na kukipeleka maabara, kwa hivyo hawakuona haja ya kuhangaika na ute. Wakati huo huo, daktari Aurel Babeș wa Romania alikuwa amefikia wazo kama hilo kwa njia yake mwenyewe, naye pia hakusikilizwa sana.

Zaidi ya miaka 10 ikapita. Papanicolaou alirudi kwenye utafiti wake mwingine, lakini wazo hakulitupa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alipata mshirika, daktari wa magonjwa ya wanawake Herbert Traut. Wakaafikiana kuwachunguza wanawake waliolazwa katika hospitali ya New York, walio na dalili na wasio nazo.

Walichapisha matokeo ya kwanza mwaka wa 1941 na kitabu kamili mwaka wa 1943, baada ya kuwachunguza zaidi ya wanawake 3,000. Baadhi ya waliogunduliwa kuwa na saratani hawakuwa na dalili yoyote. Safari hii madaktari walisikia.

Mwaka wa 1947 daktari wa Kanada, J. Ernest Ayre, alibuni kijiti bapa cha mbao cha kuchukulia seli kwenye mlango wa kizazi wenyewe, na kazi ikawa nyepesi zaidi. Kufikia miaka ya 1950 kipimo kilikuwa kimeenea Marekani. Katika nchi zilizowaita wanawake wote kwa utaratibu na kuwafuatilia, vifo vya saratani ya mlango wa kizazi vilipungua kwa zaidi ya nusu.

Ugonjwa huu hauchagui. Mnamo Julai 26, 1952 uliondoa uhai wa Eva Perón, mkewe Rais wa Argentina, akiwa na miaka 33 tu. Alikuwa na kila daktari aliyemtaka, lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha kukomaa.

Karatasi ya majibu

Sasa nije kwenye jambo linalotusumbua sisi wa mpakani, nalo ni karatasi ya majibu.

Papanicolaou aliyagawa majibu katika madaraja matano. La kwanza lilikuwa la seli zilizo sawa. La pili lilikuwa la seli zilizobadilika bila dalili ya saratani. La tatu lilikuwa la shaka, la nne la shaka kubwa, na la tano la saratani yenyewe. Tangu mwaka wa 1988 maabara nyingi hutumia mpangilio mwingine, lakini hekima yake ni ile ile. Kati ya uzima na saratani pana ngazi, na ngazi hizo huchukua miaka mingi kupandwa.

Kulingana na Shirika la Afya Duniani (WHO), kwa mwanamke mwenye kinga nzuri ya mwili mabadiliko hayo huchukua kati ya miaka 15 na 20 hadi yawe saratani. Kwa aliye na kinga dhaifu, kwa mfano anayeishi na virusi vya Ukimwi bila matibabu, huweza kuchukua miaka 5 hadi 10. Mwanamke anayeishi na virusi hivyo yumo katika hatari mara sita zaidi ya mwenzake.

Kwa hivyo mwanamke akiambiwa kwamba seli zake si za kawaida, hajaambiwa kwamba ana saratani. Mabadiliko madogo mara nyingi hujiondokea yenyewe, na daktari humtaka arudi kupimwa baada ya muda. Yakiwa makubwa, mlango wa kizazi hukaguliwa kwa darubini maalumu na kipande kidogo hukatwa kikapimwe. Sehemu iliyoharibika huweza kugandishwa kwa baridi kali, kuunguzwa kwa kifaa cha joto au kukatwa kwa waya wa umeme. Matibabu hayo huzuia saratani kabla haijaanza.

Nayasema haya nikijua uzito wake. Miaka kadhaa iliyopita nilipimwa katika kliniki moja ya kibinafsi, nikakabidhiwa karatasi iliyosema seli zangu si za kawaida, bila maelezo zaidi. Nililala siku nne nikiwaza nani atawalea wanangu. Mkunga mmoja ndiye aliyenieleza ngazi hizo kwa utulivu, nikarudi kupimwa baada ya miezi, na seli zikakutwa ziko sawa.

Jirani yangu wa sokoni hakuwa na bahati hiyo. Alipimwa upande mmoja wa mpaka, biashara ya dagaa ikamvuta upande wa pili kabla majibu hayajatoka, kisha msimu ukafuata msimu. Alipoanza kutokwa na damu isiyo ya hedhi ndipo alipokumbuka. Tulimzika kabla ya mwaka kwisha.

Hapa ndipo ninapoona kwamba kipimo alichotuachia Papanicolaou kinadai kitu ambacho mfanyabiashara wa mpakani hana kwa urahisi, yaani kurudi. Ute huchukuliwa leo, mtaalamu wa maabara huusoma siku nyingine, na mwanamke hutakiwa aje tena. Asiporudi, ni kama hakupimwa.

Tangu kituo cha pamoja cha forodha kilipofunguliwa rasmi Busia Februari 2018, sisi huvuka kwa wepesi zaidi. Lakini kadi ya kliniki ya upande mmoja haimfuati mtu hadi upande wa pili. Ni juu ya mwenyewe kuibeba.

Fitina za nyumbani

Liko jambo lingine ambalo Papanicolaou hakuishi kulijua. Miaka ya 1983 na 1984 kundi la mtafiti Mjerumani Harald zur Hausen lilitambua aina mbili za virusi vya papiloma, vinavyojulikana kwa herufi HPV, ambazo husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii. Alituzwa Nobel mwaka wa 2008.

Virusi hivyo huambukizwa kwa kujamiiana, na hapo ndipo fitina huanzia. Nimeshuhudia mume aliyerudi kutoka safari ndefu akimfukuza mkewe kwa sababu ya karatasi ya majibu, na mke naye akimshutumu mume aliyekuwa kambini au Nairobi.

Ukweli ni kwamba virusi hivi ni vya kawaida mno. Watu wengi waliowahi kushiriki tendo la ndoa huvipata wakati fulani, na wengi huvishinda bila kujua. Vinaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya. Hakuna karatasi iwezayo kueleza nani alimwambukiza nani, wala lini. Kuvunja ndoa kwa sababu ya majibu haya ni kumhukumu mtu bila shahidi.

Kujua chanzo kumeleta chanjo. Rwanda ilitangulia Afrika kuitoa kwa taifa zima mwaka wa 2011. Uganda iliieneza kote nchini kuanzia Novemba 2015, na Kenya Oktoba 2019. Wasichana hudungwa wakiwa bado wadogo, kabla ya kukutana na virusi. Binti aliyehama shule kutoka upande mmoja wa mpaka kwenda mwingine asije akakosa kote kuwili.

Vipimo navyo vimeongezeka. Upo ule wa kupaka siki kwenye mlango wa kizazi, ambapo sehemu yenye hitilafu hugeuka nyeupe baada ya dakika chache. Mhudumu huona papo hapo, na panapo vifaa mama hutibiwa siku iyo hiyo. Upo pia wa kutafuta virusi vyenyewe, ambao mwanamke anaweza kujichukulia ute mwenyewe faraghani. WHO hupendekeza huu wa virusi kuanzia umri wa miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10. Kwa anayeishi na virusi vya Ukimwi ni kuanzia miaka 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5.

Haja ni kubwa. Mwaka wa 2022 wanawake wapatao 660,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani hii na takriban 350,000 wakafa, wengi mno wao wakiwa wa nchi kama zetu.

Mwisho wake

Papanicolaou alifanya kazi bila kupumzika hadi uzeeni. Mwaka wa 1950 alipewa tuzo ya Lasker, mojawapo ya tuzo kubwa za tiba Marekani. Alipendekezwa kwa tuzo ya Nobel lakini hakuwahi kuipata.

Mwishoni mwa 1961 alihamia Miami kuongoza taasisi ya saratani iliyokuwa ikianzishwa. Hakukaa miezi minne. Mnamo Februari 19, 1962 alifariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka 78. Taasisi hiyo ikapewa jina lake. Mary aliendeleza kazi hiyo, na alifariki mwaka wa 1982.

Mwaka wa 1995 Ugiriki iliiweka picha yake kwenye noti ya drakma 10,000. Sisi tunaobadilisha shilingi za Kenya kwa za Uganda kila asubuhi tunajua pesa hazina udugu. Noti hiyo ilitoweka sokoni mwaka wa 2002 Wagiriki walipoanza kutumia yuro.

Kipimo chake hakikutoweka. Akina mama wenzangu wa Sikuda, Busia, Malaba na Tororo, nendeni kituo cha afya cha serikali kilicho karibu mkaulize ni siku gani wanapima na kwa njia gani. Jichagulieni kituo kimoja, upande mnaolala usiku mwingi. Acheni nambari mbili za simu, yako na ya mtu asiyesafiri. Kadi iweke pamoja na kitambulisho chako cha kuvukia, na kabla hujaondoka ulizia tarehe ya majibu uipange kama unavyopanga siku ya gulio.

Nanyi mabwana, mke akirudi na karatasi, mpeni nauli ya kurudi kliniki.